UGONJWA WA OVARI HAUISHII KWENYE KUPATA MTOTO



Kwa kawaida ukurasa huu hueleza mambo ya mishahara, likizo na mikataba. Leo tunaeleza ugonjwa. Mtu asifikiri kwamba tumeiacha kazi ya chama. Mwajiri ana mashine nyingi, na ana mafundi wa kuzitengeneza. Mfanyakazi ana mwili mmoja tu, na ukiharibika hakuna stoo ya kwenda kuchukua mwingine.

Ugonjwa huu huwapata wanawake, lakini tunawaomba wanaume nao wasome mpaka mwisho. Wao ni waume, ni kaka, ni baba, na wengi wao ni wawakilishi wa wafanyakazi katika matawi yetu. Mambo mengine tutayataja wazi, kama vile damu ya mwezi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tunaongeza kwamba mficha uchi hatibiwi pia.

KOSA LETU WENYEWE

Kwanza tukiri kosa. Miaka iliyopita tulikuwa na mwanachama mmoja, mpakiaji katika kiwanda kimoja cha hapa Kampala. Hatutamtaja yeye wala kiwanda chake. Tangu usichana wake damu ya mwezi ilimjia mara tatu au nne tu kwa mwaka. Alikuwa na ndevu chache kidevuni, na alizinyoa alfajiri kabla ya kuja zamu. Alipoolewa akakaa miaka 6 bila mtoto, na ndugu za mume wakaanza kumwita mugumba, yaani tasa. Alizunguka kwa waganga. Aliuza cherehani yake ili alipie dawa za miti. Mwishowe alifika kwa daktari, akapimwa, akaambiwa ana ugonjwa wa ovari. Akapewa vidonge, na baada ya muda akapata mtoto wa kike.

Tulichanga fedha, tukaenda kwake, tukala matoke na kuku, tukaimba. Tulisema, mwenzetu amepona. Yeye naye alisema amepona. Wala hakuna aliyemwambia arudi kupimwa.

Miaka 11 baadaye msimamizi alimwandikia barua ya onyo, kwamba anaacha mashine na kwenda chooni mara nyingi mno. Chama kilikwenda kumtetea. Tulikaa mezani na meneja siku mbili, na tukashinda: barua ikafutwa. Tulifurahi sana kwa ushindi ule. Lakini katika siku zile mbili hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, kwa nini mama huyu anakunywa maji hivi na kwenda chooni hivi? Baada ya miezi michache kidonda kidogo cha mguu kilikataa kupona. Hospitali wakampima damu: ugonjwa wa sukari, tena wa siku nyingi, na presha pamoja nao. Vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Yeye ndiye aliyetuomba tuandike makala haya. Alituambia, "Waambieni wenzangu kwamba mtoto si dawa ya ugonjwa ule." Basi hilo ndilo neno letu la leo.

UGONJWA WENYEWE NI NINI

Ovari ni viungo viwili vidogo, kimoja upande huu na kingine upande ule wa mji wa mimba. Ndani yake hukaa mayai ya mwanamke. Kila mwezi yai moja huiva na kutoka. Katika ugonjwa huu mayai huanza kukua lakini hayafiki mwisho, yakabaki ndani kama vijifuko vidogo vidogo. Ndiyo maana unaitwa ugonjwa wa ovari zenye vijifuko vingi. Katika karatasi ya daktari huandikwa kwa herufi nne: PCOS. Ukiziona herufi hizo katika cheti chako, ndio ugonjwa tunaousema.

Vijifuko hivyo si uvimbe wa hatari, wala si saratani. Wengi wakisikia "vifuko tumboni" hudhani lazima wapasuliwe. Sivyo. Shina la ugonjwa liko katika homoni, yaani zile kemikali ambazo mwili hutuma ndani ya damu kama wajumbe.

Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika juu ya wanawake 7 wenye hali hii mwaka 1935. Wakati ule waliutazama kama ugonjwa wa uzazi, na waliukabili kwa kukata kipande cha ovari. Ilichukua miaka 45 zaidi, hadi 1980, ndipo madaktari wa Marekani wakaonyesha kwamba unafungamana na insulini, homoni inayoendesha sukari ya mwili. Kwa hiyo tusishangae kwamba mama zetu na masenga zetu waliujua kuwa ni ugonjwa wa kukosa mtoto tu. Hata madaktari walianza hivyo hivyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 10 na 13 wana ugonjwa huu, na kwamba hadi 70 katika kila 100 walio nao hawajijui. Pigeni hesabu wenyewe. Karakana yenye wanawake 100 inaweza kuwa na 10 au zaidi, na saba kati ya hao hawajui.

Katika mkutano uliofanyika Rotterdam mwaka 2003 madaktari walikubaliana juu ya dalili tatu. Ya kwanza, damu ya mwezi isiyofuata utaratibu. Ya pili, homoni za kiume kuzidi, ambazo huonekana kwa ndevu, chunusi nyingi au nywele za kichwa kupungua, au huonekana katika kipimo cha damu. Ya tatu, vijifuko vingi katika picha ya ultrasaundi. Mwanamke mzima mwenye mbili kati ya hizo, baada ya daktari kuhakikisha kwamba si maradhi mengine kama ya tezi ya shingo, huhesabiwa kuwa na PCOS. Maana yake ni kwamba mwanamke anaweza kuwa nao bila ndevu hata moja. Wako wanene na wako wembamba.

KWA NINI SUKARI INAINGIA HAPA

Tueleze kwa mfano wa kazi. Posho, matoke, mihogo, chapati na soda tunayokunywa saa sita, vyote hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ni kama mzigo ulioletwa na lori. Lazima ipakuliwe na kuingizwa katika stoo za mwili, yaani misuli na ini. Insulini ndiyo kikosi cha wapakuzi, nayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo.

Kwa wanawake wengi wenye PCOS, askari wa mlangoni ni mzito kufungua. Mwili hufanya kama msimamizi asiyejua njia nyingine: huongeza wapakuzi. Palipotosha kumi hutumwa ishirini. Mzigo huingia, na ukipima sukari wakati huo utaambiwa iko sawa. Lakini wapakuzi wa ziada hawakai bure. Hufika kwenye ovari na kuzihimiza zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Kila mwanamke anazo kidogo, na hilo si kasoro. Zikizidi ndipo yai linashindwa kuiva, damu inachelewa na ndevu zinaota.

Hali hiyo huweza kuendelea miaka 10 au 20. Kongosho hufanya ovataimu kila siku bila mapumziko. Siku likichoka, wapakuzi hupungua, mlango bado ni mzito, na mzigo hubaki barabarani. Huo ndio ugonjwa wa sukari. Mnaona basi kwamba kukosa mtoto na kuugua sukari ni matawi mawili ya mti mmoja. Dawa inayoivisha yai hukupa mtoto, lakini mti bado umesimama.

MADHARA YANAYOKUJA BAADA YA MIAKA

Sukari. Mwanamke mwenye PCOS yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuugua sukari kuliko mwenzake wa umri ule ule, na huweza kuugua akiwa bado kijana. Sukari isiyotibiwa huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Mshonaji asiyeona tundu la sindano hana kazi. Mpakiaji asiyeisikia miguu yake hajui msumari umemchoma.

Presha na moyo. Presha ya juu na mafuta mabaya katika damu huonekana zaidi kwa wanawake hawa, na baada ya miaka hatari ya ugonjwa wa moyo na ya kiharusi huongezeka. Katika uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Uganda alikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakujua. Presha haina kelele. Haikungoji uiulize.

Mji wa mimba. Hapa tunaomba msikilize sana. Wazee wa Buganda walitandaza nyasi sakafuni. Nyasi zikichakaa huondolewa, zikaja mpya. Ukitandaza mpya juu ya kuukuu mwaka mzima bila kuondoa, za chini huoza. Mji wa mimba nao hutandika ukuta wake wa ndani kila mwezi kumngojea mtoto. Asipokuja, tandiko huondoka, nayo ndiyo damu ya mwezi. Yai lisipoiva, amri ya kuondoa haitoki, na tandiko huzidi kuwa nene. Likikaa hivyo miaka mingi huweza kugeuka saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Hatari hiyo kwa wenye PCOS ni mara kadhaa ya ile ya wanawake wengine. Tusitishane: hata hivyo wengi wao hawatapata saratani hiyo. Nayo huzuilika kwa urahisi, kama tutakavyoeleza. Kuhusu saratani ya matiti, ugonjwa huu haukuonekana kuiongeza.

Usingizi. Wenye PCOS hupatwa zaidi na tatizo la pumzi kukatika usingizini. Mtu hukoroma sana, hunyamaza ghafla kama aliyekabwa, kisha hushtuka. Asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala. Mtu kama huyo akiwa kwenye mashine ya kukata au kwenye usukani, anaweza kusinzia na kuumia. Mara ngapi tumemwita mwenzetu mvivu, kumbe usiku mzima alikuwa akipigania pumzi?

Huzuni. Fadhaa na huzuni kubwa huwapata wanawake hawa zaidi ya wengine. Sehemu moja hutokana na mwili, na sehemu nyingine hutokana na sisi. Anayechekwa kwa ndevu zake kwenye foleni ya chakula, anayeulizwa kila sikukuu "bado tu?", hawezi kuwa na moyo mwepesi. Huzuni hiyo nayo ina matibabu. Na dhihaka ndani ya karakana tunaweza kuikomesha leo hii bila kumwona daktari.

Ujauzito. Mwenye PCOS akishika mimba amwambie mkunga siku ya kwanza kliniki. Sukari ya wakati wa mimba na presha ya mimba humpata zaidi, na presha ya mimba huweza kufikia kifafa cha mimba. Hata sukari hiyo ikiondoka baada ya kujifungua, huyo ni mtu wa kupimwa kila mwaka.

MTEGO WA MIAKA YA AROBAINI

Kuna jambo ambalo limewadanganya wengi. Mwanamke mwenye PCOS akikaribia miaka 40, mara nyingi damu yake huanza kuja kwa utaratibu mzuri kuliko ujanani. Husema, "Sasa nimepona, utu uzima umenitengeneza." Ni kweli kwamba ovari zimetulia. Lakini mlango wa stoo bado ni mzito, na miaka hiyo ndiyo sukari na presha hupanda. Basi anaacha kliniki wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Damu ya mwezi ikikoma kabisa uzeeni, hatari ya sukari haikomi nayo. Na damu ikionekana tena baada ya kukoma mwaka mzima, hata tone, mtu aende kwa daktari mara moja. Isichukuliwe kama ujana uliorudi.

TUFANYE NINI

Kwanza, kalenda. Kila mwanamke aweke alama siku damu inapoanza. Kwa mtu mzima, kutoka siku moja ya kuanza hadi nyingine, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Zikizidi 35 mara kwa mara, au damu ikija chini ya mara 8 kwa mwaka, aende akapimwe. Zikipita siku 90 bila damu, na hana mimba, hanyonyeshi wala hatumii dawa ya kupanga uzazi, asingoje tena. Wengi hufurahi kwamba wamepumzika gharama ya pedi. Kumbukeni zile nyasi. Anayetumia sindano ya miezi mitatu mambo yake ni tofauti: kwake damu kukosekana kunatokana na dawa yenyewe, na ukuta wa mji wa mimba hauzidi unene.

Kwa wasichana tusiwe na haraka. Miaka michache ya mwanzo damu hupindapinda kwa wengi, na hiyo peke yake si ugonjwa. Lakini ugonjwa huu huandamana na ukoo. Mama au dada akiwa nao, msichana aangaliwe. Binti wa yule mwenzetu sasa ana miaka 17. Mama yake alimpeleka kliniki mwenyewe, hakungoja aolewe.

Pili, vipimo. Mwenye PCOS apime sukari siku anapoambiwa ana ugonjwa huo, na baada ya hapo kila mwaka mmoja hadi mitatu kama daktari atakavyoona. Kabla ya kula chochote asubuhi, namba ya 7.0 au zaidi katika mashine inayotumika hapa kwetu ni ya ugonjwa wa sukari, na hurudiwa ili kuhakikisha. Presha ipimwe kila mwaka. Ikifika 140 juu na 90 chini, mara zaidi ya moja, si ya kupuuza. Mafuta ya damu nayo yapimwe. Hivi ndivyo unavyoshauri mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia.

Tatu, chakula na mwendo. Hatusemi mtu aache posho. Mshahara wetu tunaujua. Tunasema posho ipungue katika sahani, na maharage, dodo, nakati au mukene viongezeke. Soda iwe ya sikukuu. Chai ipunguzwe sukari. Anayekaa kwenye cherehani au kaunta kutwa, atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Misuli inayofanya kazi hufungua mlango wa stoo hata kabla uzito haujapungua. Kwa aliye mnene, kupungua kidogo tu kunafaa: mama wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8, damu yake inaweza kuanza kufuata utaratibu. Na aliye mwembamba asiambiwe "punguza mwili". Yeye apimwe kama wengine.

Nne, dawa. Ziko, na kila moja ina kazi yake. Vidonge vya kupanga uzazi huleta damu kwa utaratibu, huulinda ukuta wa mji wa mimba na hupunguza ndevu na chunusi. Havimfanyi mtu tasa. Lakini vipo ambavyo havimfai mwenye presha, kwa hiyo apimwe kwanza. Asiyeweza kuvitumia huweza kupewa vidonge vya projestojeni vya siku chache kila baada ya muda, ili tandiko liondoke. Metformini, dawa ya zamani ya sukari, husaidia mlango ufunguke. Letrozoli huivisha yai kwa anayetaka mtoto. Msinunue dawa hizi dukani kwa kusikia jina tu. Na fedha za cherehani zisiende tena kwa anayeahidi "kuyeyusha vifuko" kwa chupa moja.

PA KUANZIA

Tangu mwaka 2001 serikali ilifuta malipo katika vituo vya afya vya umma, isipokuwa sehemu za kulipia za hospitali. Hapa Kampala anza na kituo kilicho karibu, kama Kisenyi, Kiswa, Kitebi au Kawaala. Sema wazi: "Damu yangu haifuati utaratibu, naomba nipimwe presha na sukari." Kuna siku utaambiwa vifaa vimekwisha. Uliza vitakuja lini, urudi. Ikihitajika, utaandikiwa uende hospitali kubwa. Hospitali Maalumu ya Wanawake ya Mulago, iliyofunguliwa mwaka 2018, inashughulikia mambo haya, lakini uliza gharama kabla ya kwenda.

KAZI YA CHAMA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha fanya kazi angalau mwezi mmoja, akiugua, anastahili mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo. Lazima amjulishe mwajiri mapema, na akitakiwa alete cheti cha daktari. Hiyo ni haki, idaini. Lakini soma na sehemu ya pili: ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Sheria inatukinga miezi miwili. Ugonjwa wa sukari unakaa maisha yote. Kwa hiyo ngao yetu ya kweli ni kuugundua mapema, mtu akiwa bado mzima na kazini.

Ndiyo sababu tunayataka mambo manne yaingie katika mikataba ya pamoja inayokuja. Moja, kila mfanyakazi, mwanamke kwa mwanamume, apewe nusu siku moja kwa mwaka ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara. Mbili, pale penye chumba cha huduma ya kwanza pawe na mashine ya presha, na mtu anayejua kuitumia. Tatu, habari za ugonjwa zisipite mikononi mwa wasimamizi. Cheti kitoshe kusema kwamba mtu alihudhuria matibabu. Nne, mtu asiadhibiwe kwa kwenda chooni au kunywa maji kabla hajaulizwa, kwa faragha, kama ni mgonjwa.

Wawakilishi wetu nao wajifunze. Mwanachama akija na barua ya onyo kwa sababu ya uchovu, kusinzia au choo, mtetee, lakini usiishie hapo. Muulize, "Ndugu, umepimwa lini?" Sisi hatukuuliza, na mwenzetu alilipa kwa vidole vyake. Katika tawi lake sasa mashine ya presha inakaa katika ofisi ya mwakilishi, tuliinunua kwa mchango wetu. Yeye mwenyewe ndiye anayewapima wenzake saa ya chakula, kila Ijumaa. Anawauliza pia maswali ya kalenda, polepole, pembeni, na wanamjibu.

Tunayaomba matawi mengine yafanye vivyo hivyo, na mtuandikie mlipofika. Akina mama, anzeni na kalenda leo.

Ni sisi wenzenu,
Waandaaji wa Chama, Kampala.